Kofia ya Nywele kwa Mwenye Kipara

Nilipohamia Pasua, hapa Moshi, nilihamia nyumbani kwangu. Siku hizi ninaishi katika kiwanda cha sabuni, na kila ninapotaka kuingia katika chumba kilichokuwa jiko letu, sharti nivue viatu, ninawe mikono hadi viwikoni, kisha nivae koti jeupe na kofia ya kuzuia nywele zisidondokee bidhaa. Nina kipara tangu mwaka 2011. Nilimweleza mke wangu jambo hilo kwa upole, nikainamisha kichwa ili ahakiki mwenyewe, naye akanijibu kwamba kanuni za usafi hazikutaja kipara.

Mke wangu, Mama Neema, hutengeneza sabuni za kuogea, ya kahawa, ya mchaichai na ya parachichi, kwa mafuta ya nazi na mawese. Alianza kwa kuwauzia wenzake wa kikoba, na kwa mwaka mzima hakuna aliyetuuliza jambo lolote isipokuwa bei, na hata bei yenyewe waliiuliza ili wakope. Balaa lilianza pale duka moja kubwa la mjini lilipozipenda sabuni zetu, kisha meneja akauliza, kama mtu anayeuliza saa ngapi, iwapo tunayo alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na bakodi. Hapo ndipo nilipojua kwamba mbele ya sheria sabuni ya kuogea na wanja ni ndugu, kwa kuwa vyote ni vipodozi.

Shemeji yangu, ambaye katika maisha yake hajawahi kutengeneza hata povu, alijitolea kutushauri na akatuletea faili nene la fomu za TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Tulizijaza kwa wino mweusi usiku kucha, na kesho yake tukaambiwa kwamba tangu Julai 2019 vipodozi vilihamishiwa TBS, na kwamba hiyo TFDA ilikwisha kubadilishwa kuwa TMDA, ambayo kazi yake ni dawa na vifaa tiba. Faili la shemeji halikupotea bure, kwani limewekwa chini ya mguu mfupi wa meza ya kukatia sabuni na linafanya kazi nzuri kuliko mwenyewe. Sisi tukaanza upya: jina la biashara kwa BRELA, wasajili wa biashara, namba ya mlipakodi, leseni, barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la viwanda vidogo, halafu safari ya Arusha, kupeleka sampuli TBS, kwa Coaster, kilomita 80 hivi, huku nimepakata sabuni kumi na mbili zilizonukia mchaichai kiasi kwamba tulipofika Usa River abiria wawili walikuwa wameshaniuliza chai inauzwa shilingi ngapi.

Hata hivyo, safari si kitu mbele ya lebo. Lebo yetu ya kwanza niliitunga mimi mwenyewe, nami nilijivunia: "Inatibu fangasi, chunusi, mapunye, upele na vipele vya kunyolea." Tulikuwa tumekwisha kuchapisha 500 tulipoelimishwa kwamba ukisema kipodozi kinatibu, umekitoa katika vipodozi na kukiingiza katika dawa, na dawa ina sheria zake na maswali yake, ambayo hatuna majibu yake. Nilikaa siku mbili nikifuta neno "inatibu" kwa kalamu ya wino mzito, lebo moja baada ya nyingine, mpaka bidhaa ikabaki na maneno "fangasi, chunusi, mapunye", kana kwamba hayo ndiyo yaliyomo ndani ya sabuni. Tukachapisha upya. Safari hii ilitakiwa namba ya toleo, yaani ya mkupuo mmoja wa sabuni zilizopikwa pamoja, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, uzito, viambato vyote na anwani ya mtengenezaji. Viambato navyo vina majina yao ya kitaalamu: parachichi, ambalo mama yangu kule Machame huwapa nguruwe likizidi, huitwa Persea gratissima, na maji ya bomba huitwa Aqua. Anwani ndiyo ilitushinda, kwa sababu "nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu, uliza kwa Mangi" haikutosha kwenye karatasi ya upana wa vidole vitatu.

Nisieleweke vibaya kwamba napinga usalama. Mimi ni shahidi mwenye makovu. Katika siku za mwanzo, kabla ya mizani na mafunzo, nilimsaidia mke wangu kuyeyusha kostiki soda katika sufuria ya alumini, tena sufuria ya mama mkwe, na hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kostiki hula alumini na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Sufuria ilichemka bila jiko, na ilipotulia ilikuwa chekecheo. Mama mkwe ameendelea kuniita "mwanangu", lakini kwa sauti ya chini. Sabuni tuliyoipika wiki iliyofuata ilizidishwa kostiki, nami nilikuwa wa kwanza kuioga, na jioni ile nililazimika kuketi ndani ya beseni la maji baridi nikiangalia taarifa ya habari. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kila kiambato sharti kipimwe kwa gramu, na kwamba sabuni ikae wiki nne hadi sita ikomae kabla haijauzwa, simbishii. Ninasogea tu kumpisha.

Kinachoniudhi ni yule kijana wa stendi mwenye kapu la mkorogo wa kung'arisha ngozi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi, na lebo ya makopo yake haitaji chochote isipokuwa picha ya mwanamke mweupe anayecheka. Haulizwi kuhusu dari, wala wavu wa dirishani, wala kofia ya nywele, kwa sababu hana dari, na wakaguzi wakitokea yeye huondoka na kiwanda chake chote kwa mbio. Sisi tunakaguliwa kwa sababu tuna mlango wa kugonga.

Mwezi uliopita alipita mgeni kutoka Ufaransa, ameshuka mlimani, akapenda ile ya kahawa na akataka vipande 200 kwa ajili ya duka lake. Tulisherehekea kwa saa moja hivi. Kumbe Umoja wa Ulaya una kanuni yake, namba 1223 ya mwaka 2009, inayodai ripoti ya usalama iliyotiwa saini na mtaalamu, kumbukumbu za bidhaa zitunzwe miaka 10 baada ya toleo la mwisho, na awepo "mtu anayewajibika" anayeishi hukohuko. Niliposikia neno kuwajibika nilinyoosha mkono, nikidhani hatimaye kuna cheo kinachonifaa. Mke wangu aliushusha mkono wangu taratibu.

Jana nilirudi kazini nimechoka, nikaingia bafuni na kipande nilichokiona kabatini, palipokuwa na mashati yangu. Kumbe kilikuwa sampuli ya akiba ya toleo namba 14, ambayo haitakiwi kuguswa. Niliposhtakiwa nilipandisha sauti, nikauliza kama mwanamume katika nyumba hii bado ana haki yoyote.

"Malalamiko hupokelewa kwa maandishi, Baba Neema," alisema, akanisogezea daftari lenye mistari: jina la mlalamikaji, namba ya toleo, athari zilizojitokeza baada ya matumizi.

Kwenye athari niliandika: "Nimefukuzwa jikoni." Akalisoma, akaligonga muhuri, akasema nitajibiwa ndani ya siku 14 za kazi.