Kihisi Kikisema Ni Kizima, Tukiamini?

Upitishaji umeme wa maji huonyesha kiasi cha chumvi iliyomo. Transmita za kisasa za kuupima, yaani vifaa vinavyosoma kihisi kilicho ndani ya bomba na kutuma kipimo, huja na mfumo wa kujichunguza. Ndiyo maana bajeti ya matengenezo ikijadiliwa katika viwanda vya Industrial Area, Nairobi, hakosi wa kuuliza kwa nini fundi bado anahangaika na chupa ya myeyusho wa kupimia wakati kifaa chenyewe kina kengele. Swali hilo lina uzito. Kuchomoa kihisi kwenye bomba la boila ni kufunga vali, kungoja presha ishuke na bomba lipoe, kisha kuombea oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) isikatike wakati wa kurudisha.

Kifaa kipewe haki yake kwanza. Waya ukikatika, transmita hujua papo hapo. Transmita hutuma kipimo kama mkondo wa umeme, na mwongozo wa NE 43 wa NAMUR, umoja wa watumiaji wa mitambo ya kiotomatiki viwandani, umetenga miliampia 3.8 hadi 20.5 kwa kipimo halali; ikishuka hadi 3.6 au chini, au ikipanda hadi 21 au zaidi, hiyo ni ishara ya hitilafu. Kipimajoto cha Pt1000, ambacho kwenye nyuzi 25 husoma takriban ohm 1,097, kikikatika nacho hugunduliwa. Transmita nyingine hupima kwa masafa mawili ya mkondo geu, na majibu yakiachana sana hutoa onyo kwamba chaji imerundikana kwenye elektrodi (vipande vya kihisi vinavyogusa maji) au uchafu umezifunika. Hakuna fundi wa zamu atakayeona hayo usiku wa manane.

Ila ishara ni ya kusomwa. Kompyuta ya mtambo isipopangwa kuitambua miliampia 3.6, itaigeuza kuwa sifuri, na sifuri kwenye mtambo wa kuchuja maji ya kisima huonekana kama maji safi kupindukia. Maji yasiyo na chumvi hata chembe hayashuki chini ya mikrosimensi 0.055 kwa sentimita kwenye nyuzi 25. Namba ndogo kuliko hiyo haitoki kwenye maji.

Hapo ndipo penye shida yenyewe: hitilafu nyingi za vihisi vya elektrodi huvuta kipimo chini. Ukoko wa chokaa, mafuta, viputo vya hewa, chaji iliyorundikana, vyote hupunguza. Na chini ndiko tunakotaka namba iwe. Boila ikidhani maji yake yana chumvi kidogo, vali ya kumwaga haifunguki. Chumvi inazidi kujikusanya, povu linapanda, na mvuke unabeba maji hadi kwenye mabomba. Mfumo wa kujichunguza hauoni kila kitu. Kipimajoto kinachosoma nyuzi 5 zaidi hakijakatika, kwa hiyo hakuna kengele, lakini kwa kuwa upitishaji hubadilika kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi, na transmita hurekebisha kipimo kiwe cha nyuzi 25 (ndiyo fidia ya joto), kipimo kinashuka karibu asilimia 10. Kihisi kilichofungwa kwenye tawi la bomba ambalo maji hayapiti kitakuwa kizima kabisa, kikipima maji yaliyotuama.

Nairobi ina lake pia. Siku za mgao wa maji, kiwanda huhama kutoka maji laini ya bwawa la Ndakaini kwenda maji ya kisima yenye chumvi mara kadhaa zaidi. Kengele iliyopangwa kushuku badiliko la ghafla italia kila wiki, na kengele ya kila wiki huishia kuzimwa.

Basi turudi kwenye chupa? Kwa mkono kuna majaribio matatu yenye maana. Kihisi kikiwa kikavu hewani kisome karibu sifuri. Kikisoma zaidi, tafuta unyevu kwenye kiunganishi au kebo. Kisha weka kizuizi cha ohm 1,000 mahali pa kihisi, fidia ya joto ikiwa imezimwa: kwa kihisi chenye K ya 1 (K ni namba ya umbo la kihisi, ambayo transmita huzidishia kipimo), transmita isome mikrosimensi 1,000. Ikisoma hivyo, lawama iko kwenye kihisi au kebo yake. La tatu ni myeyusho sanifu wa mikrosimensi 1,413, na hapa ndipo watu huteleza. Namba hiyo ni ya nyuzi 25. Asubuhi ya Julai, karakana ikiwa nyuzi 20, myeyusho uleule ni 1,278. Anayelazimisha 1,413 fidia ikiwa imezimwa amejitengenezea kosa la zaidi ya asilimia 10 kwa mkono wake. Suuza kwanza kwa myeyusho wenyewe, na uliotumika usirudishwe chupani. Kwa maji yaliyo chini ya mikrosimensi 10 sampuli ya kikombe haifai, kwa sababu kaboni dioksidi ya hewani huyeyuka ndani na kupandisha kipimo. Linganisha na kihisi cha pili kwenye bomba lilelile. Maji ya boila yakichotwa bila kipoza nayo hudanganya: sehemu hufoka kuwa mvuke na chumvi hubaki.

Mimi nisingefuta ukaguzi wa mkono, ningebadilisha unachofanya. Hitilafu za waya ziachiwe kifaa. Fundi aandike namba tatu: kabla ya kusafisha, baada ya kusafisha, baada ya kusawazisha. Wengi husafisha kwanza, na ushahidi wote huenda na asidi. Kama asidi hafifu imerudisha kipimo mahali pake, tatizo lilikuwa ukoko: fupisha muda kati ya usafishaji, na K usiiguse. Anayepandisha K ili kuficha ukoko atashangaa siku mwenzake atakapokisafisha kihisi, kipimo kiruke juu na vali ianze kumwaga maji moto yasiyo na kosa. Na kama baada ya kusafisha kihisi bado kinatofautiana na myeyusho sanifu kwa zaidi ya asilimia 5, ilhali jaribio la kizuizi limepita na kebo ni kavu, agiza kihisi kipya.