Mfamasia Alipwe kwa Ushauri Wake

Famasi moja mjini Arua, Uganda, imebandika tangazo kwamba inapima presha bure. Nilifurahi kuliona, hadi nilipokaa kwenye foleni. Mama mmoja alipimwa, presha ikakutwa juu sana. Dada wa kaunta akaanza kumweleza kuhusu chumvi, kutoacha vidonge, na kwenda hospitali akapimwe tena. Mwenye duka akaita kutoka nyuma: "Wateja wanasubiri!" Maelezo yakaishia hapo. Mama akaondoka na vidonge vya siku tano, maana hela yake ilifika hapo tu.

Yule dada simlaumu hata kidogo. Kodi ya chumba, leseni ya NDA (mamlaka ya taifa ya dawa), umeme wa friji na mshahara wake, vyote vinatoka kwenye dawa zinazouzwa. Dakika anazotumia kumwelimisha mgonjwa haziingizi hata shilingi. Tena ushauri bora mara nyingi ni kumwambia mtu asinunue: "Baba, kipimo kimeonyesha huna malaria, dawa hii acha." Famasi itakayosema hivyo kutwa nzima italipa kodi kwa hela gani? Ndiyo maana mwenye mafua anatoka na amoksilini, antibayotiki isiyotibu mafua.

Kwa hiyo inaniuma kila nikisikia famasi zikiongezewa kazi: sukari, uzazi wa mpango, chanjo, na malipo hayatajwi. Hospitali za serikali zilifuta ada mwaka 2001, lakini dawa zikiisha huko, mgonjwa anaandikiwa karatasi aende akanunue. Anakuja kwa nani? Kwa huyu huyu wa kaunta.

Nakubali, ingawa shingo upande, kwamba famasi kupewa kazi ya kliniki imewahi kuwezekana. Kampala wapo wanaoishi na VVU, hali zao zikiwa nzuri, waliopangiwa kuchukua ARV kwenye famasi za mtaani badala ya kupoteza siku kliniki. Lakini nyuma ya mpango huo kulikuwa na fedha za wafadhili, na Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025 tuliona jinsi huduma za VVU zilivyoyumba. Muswada wa bima ya afya Bunge liliupitisha mwaka 2021, rais hakuusaini. Bima ingeweza kumlipa mfamasia hata kama mgonjwa hakununua kitu.

Wapo wenye famasi walafi, najua, na wapo wanaotundika cheti cha mfamasia asiyeonekana dukani. NDA iwabane. Faragha nayo haipo: mwanamke ataulizaje sindano ya uzazi wa mpango huku baba mkwe wake amesimama nyuma yake?

Lakini fedha zitangulie. Wizara ianze na presha na sukari tu, katika wilaya chache, iilipe famasi kwa kila mgonjwa aliyepimwa, akaandikwa daftarini, na akafuatiliwa mwezi unaofuata. Chanjo na mengine yaongezwe baada ya malipo hayo kuanza kufika.