Leza rahisi ni ipi?

Binti wa jirani yangu hapa Tabata anatengeneza kadi za harusi. Mpaka leo anakata kwa kisu cha karatasi, maua madogo na majina ya maharusi, kadi baada ya kadi, na oda ya kadi 200 inamla wiki nzima pamoja na ngozi ya vidole. Ameweka akiba miaka miwili ili anunue mashine ya leza, inayokata kwa mwanga mkali badala ya kisu. Juzi alikuja na picha mbili kwenye simu, akaniuliza: "Anko, ipi rahisi?"

Swali lake limenikaa kichwani, kwa sababu Kiswahili chetu kinabeba mambo mawili kwa neno moja. Rahisi ni ya bei ndogo, na rahisi ni isiyosumbua. Kwenye leza, mambo hayo mawili hayakai kwenye mashine moja.

Picha ya kwanza ilikuwa ya lile sanduku la bluu na nyeupe ambalo mafundi duniani kote wanaliita K40. Hilo si jina la kampuni; viwanda vingi vya China vinalitengeneza kwa muundo uleule: tyubu ya kioo yenye gesi ya kaboni dioksaidi, inayoandikwa wati 40 ingawa nyingi hazifiki hapo, nafasi ya kukatia ya karibu sentimita 30 kwa 20, na bei ya dola 400 hadi 600 huko inakotoka. Picha ya pili ilikuwa ya Glowforge ya Marekani, inayouzwa kwa maelfu ya dola. Ile ya juu, Pro, iliwahi kuuzwa karibu dola 6,000. Glowforge ndiyo iliyoonyesha watu wana kiu kiasi gani ya leza isiyodai fundi. Mwaka 2015 ilifungua mauzo ya awali na ndani ya siku 30 ikakusanya karibu dola milioni 28, kabla haijamkabidhi mnunuzi hata mashine moja. Wengi waliolipa walisubiri zaidi ya mwaka baada ya tarehe waliyoahidiwa.

Ukizifungua, moyo ni uleule. Tyubu inatoa mwanga usioonekana wa mikromita 10.6, vioo vinaurusha mpaka kwenye lenzi, na lenzi inaukusanya kuwa nukta inayounguza karatasi, plaiwudi, ngozi, akriliki (plastiki ngumu inayofanana na kioo) na raba ya mihuri. Hakuna ya kukata chuma hapo. Kwa hiyo tofauti ya bei hainunui leza kali zaidi. Inanunua kila kilichouzunguka moyo huo, na hapo ndipo penye mjadala.

Mimi nimefanya kazi na mashine ya aina ya K40 kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naanza na ubaya wake. Siku niliyoifungua, waya wa erthi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini usikupige, ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Nati imekaza vizuri, ukiitazama unaridhika, lakini chini yake rangi imezuia umeme usipite. Na ndani ya sanduku hilo kuna kifaa kinachopandisha umeme wa ukutani hadi karibu volti 20,000 ili tyubu iwake. Nilichukua msasa nikakwangua rangi mpaka bati likang'aa, nikafunga upya, nikapima kwa mita. Nilijua la kutafuta kwa sababu nilishafanya kazi ya umeme. Binti wa jirani asingejua, na hakuna karatasi yoyote kwenye boksi iliyomwambia.

Kisha kuna vioo. Mashine hukaa kwenye meli na malori wiki nyingi, ikifika vioo vyake vitatu vimecheza. Unabandika kipande cha selotepu ya karatasi mbele ya kioo cha pili, unabonyeza kitufe cha kujaribu kwa nukta ya sekunde, unaona tundu dogo la kahawia. Unasogeza mkono wa mashine hadi mwisho wa reli, unabonyeza tena. Matundu mawili yakipishana, unakaza skurubu ya shaba robo mzunguko, unabandika selotepu mpya, unarudia. Mara ya kwanza ilinichukua jioni mbili. Sasa naimaliza kabla chai haijapoa. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu watu wengi wanaolaani K40 kwamba "haikati" hawajawahi kufanya kazi hii, na wengi wanaoisifu wamesahau ilivyowatesa.

Joto letu nalo linataka lake. Tyubu inapozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu ndogo iliyokaa kwenye ndoo. Mchana wa Dar maji ya ndoo yanapanda haraka, leza inaanza kulegea. Dawa ya mtaani ni chupa za maji yaliyogandishwa, unazitumbukiza mbili mbili. Ila ukizidisha baridi, unyevu wa pwani unafanya tyubu itoe jasho, na jasho karibu na volti zile ni balaa. Pampu ikizimika bila wewe kujua, tyubu inapasuka, na mashine ya kawaida ya bei hiyo haina kitu cha kukuonya. Nyingi hazina hata swichi ya mfuniko: unafungua, leza inaendelea. Mwanga wenyewe huuoni, jicho linaumia kabla hujashtuka.

Kwa hiyo ile dola 500 si bei. Ongeza usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 18, kisha swichi ya mfuniko, kihisi cha maji, pampu ya hewa ya kupuliza moto usipande kwenye lenzi, na feni ya maana ya kutolea moshi nje. Anayenunua K40 na kuishia hapo amenunua nusu ya mashine.

Sasa upande wa pili, nao nausema bila kinyongo. Glowforge inapoa kwa mfumo uliofungwa ndani, haina ndoo. Kamera kwenye mfuniko inakuonyesha kadi ilipolala, unauvuta mchoro kwa kidole mpaka ukae juu yake. Ukifungua mfuniko leza inazimika palepale. Feni ya kupuliza hewa iko ndani. Binti yule angeanza kukata kadi siku ileile, na kwa mtu mwenye oda mlangoni siku moja ni pesa. Anayeibeza mashine hii kwamba ni ya matajiri wasiotaka kujifunza anakosea. Mama mwenye duka la mihuri hahitaji kuwa fundi wa leza, kama vile fundi cherehani hahitaji kujua kuyeyusha chuma.

Lakini mchoro wako haukatwi na kompyuta yako. Unapanda kwa intaneti kwenda kwenye seva, yaani kompyuta za mbali za kampuni, unachakatwa huko, ndipo unarudi mashineni. Bando likiisha, mashine imelala. Kampuni ikibadilisha masharti au ikifunga milango, una sanduku zuri la mapambo. Tyubu nayo haibadilishwi na mwenyewe: mashine inafungwa kwenye boksi lake la asili na kurudishwa kwa kampuni. Mtu wa Seattle, iliko kampuni, atapeleka na gari lake. Mtu wa Tabata atalipa nauli ya ndege ya kwenda na kurudi, na tyubu za kioo zote, za bei yoyote, huchoka.

Hapo ndipo ninapoona wengi wanapima vibaya. Wanalinganisha siku ya kwanza. Siku ya kwanza Glowforge inashinda bila ubishi. Mimi napima mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu, tyubu ya K40 ikifa, naagiza nyingine ya milimita 700 pamoja na mzigo wa watu wengine kutoka Guangzhou, na naifunga mwenyewe Jumapili. Lenzi ikipasuka, ya kubadilisha ipo. Programu ya bure, K40 Whisperer, imo kwenye kompyuta yangu: mstari mwekundu inakata, wa bluu inachora, haiulizi intaneti wala leseni. Umeme unanikatikia, hilo ni la wote, lakini hakuna mtu wa mbali mwenye ufunguo wa karakana yangu.

Sisemi kila mashine nyepesi kutumia ina kamba hiyo ya kufungwa kwenye seva. Siku hizi zipo leza zilizofungwa vizuri, zenye kamera, na zinazofanya kazi na programu iliyo kwenye kompyuta yako, kwa bei ya katikati. Zipo pia zile ndogo za mwanga wa bluu, bei nafuu kabisa, zinazokata karatasi na plaiwudi nyembamba. Ila akriliki angavu haziigusi, mwanga unapita kama dirishani, na mwanga wa bluu ukiachwa wazi unapofua macho. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: nikizima intaneti, inakata?

Shuleni ningenunua iliyofungwa, hata ikigharimu mara tano. Chumba chenye watoto 40 si mahali pa mfuniko usio na swichi, na mwalimu hana jioni mbili za selotepu. Tena shuleni ndipo mtu ataweka kipande cha PVC, plastiki ya mabomba, bila kujua, kitoe gesi ya kloridi ya hidrojeni inayochoma mapafu na kutia mashine kutu. Feni na mfuniko mzuri vinasaidia kidogo, lakini katazo lazima libandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Kwa karakana ya mtu mmoja inayolisha familia, hapa kwetu, nachagua K40, kwa sharti: awepo mtu wa kukaa nayo na kuijua, na fedha ya usalama itengwe kabla ya fedha ya mashine. Sharti likikosekana, naondoa neno langu, bora asubiri mwaka mwingine akusanye ya katikati.

Nilimwambia hivyo binti. Akauliza atajifunzia wapi vioo. Nikamwambia kwangu, kila Jumamosi, na selotepu aje nayo. Mashine hajaagiza bado. Wiki iliyopita fundi umeme alikuja kwao kupigilia fimbo ya erthi nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, na baba yake alikuwa amesimama pembeni anauliza mbona leza inaanzia ardhini.