Mvuvi wa dagaa na hesabu ya usingizi

Mtu mzima alale saa saba au zaidi kila usiku. Vyama viwili vya wataalamu wa usingizi vya Marekani viliandika hivyo mwaka 2015, na kliniki tunaambiwa karibu hayo hayo. Sasa upeleke ushauri huo kwenye mwalo wowote wa Ukerewe, Ziwa Victoria, alfajiri, mitumbwi ya dagaa inaporudi, uone utakavyochekwa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri au za sola, lakini usiku ni ule ule.

Wanaoupinga ushauri huo hawasukumwi na njaa peke yake, wana hoja. Mwaka huo huo wa 2015 watafiti walichapisha vipimo vya usingizi vya jamii tatu zinazoishi bila umeme, mojawapo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, hapa hapa Tanzania. Usingizi wenyewe ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na hawakuwa watu dhaifu. Mtu akiuliza hizo saa saba zinazohubiriwa zimetoka wapi, ana haki ya kuuliza. Isitoshe, tafiti kubwa zimeonyesha kuwa hata wanaolala sana, saa tisa na kuendelea, hufa mapema kuliko wa katikati, ingawa pengine ni ugonjwa unaowalaza na si usingizi unaowaua.

Shida ni kwamba hoja ya Wahadzabe huishia nusu. Utafiti ule ule ulikuta watu wa jamii hizo wanakaa wamelala chini kwa takribani saa saba hadi nane na nusu. Walisinzia saa tatu hivi baada ya jua kuzama, na wengi waliamka kabla halijachomoza, karibu wakati ule ule kila siku. Usingizi wao ni mfupi, lakini uko mahali pake.

Wa mvuvi wetu hauko mahali pake. Anafika ufukweni jua linampiga machoni, na mwanga ndio unaoipanga saa ya mwili (wanasayansi Hall, Rosbash na Young walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza inavyofanya kazi). Ubongo unaambiwa kumekucha wakati yeye anatafuta mkeka. Ili mtu alale vizuri, joto la mwili lazima lishuke. Yeye analala chini ya bati, mchana, na spika ya kibanda cha jirani imeshafunguliwa.

Halafu inakuja mbalamwezi. Kwa siku kadhaa taa hazivuti dagaa, anakwenda nyumbani, analala usiku kama watu wengine. Giza likirudi, anapinduliwa tena. Saa ya mwili husogea kama saa moja tu kwa siku, kwa hiyo ikikaribia kukaa sawa inavurugwa. Wengi huhesabu mbalamwezi kuwa mapumziko ya mwezi. Kwa misuli, sawa. Kwa usingizi nina mashaka.

"Tumezoea," watakwambia, na hapo ndipo nisipokubaliana nao kabisa. Utafiti wa mwaka 2003 uliwapunguzia watu usingizi hadi saa sita kwa usiku, wengine nne, kwa wiki mbili. Baada ya siku chache waliona wako sawa tu, huku vipimo vya umakini wao vikizidi kushuka. Kinachozoea ni hisia. Mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupunguza wepesi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na huyo ndiye anayeshika usukani gizani, mara nyingi bila jaketi la kuokolea.

Madhara ya muda mrefu yapo pia: sukari, presha, moyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya usiku kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, mwaka 2007 na tena 2019. Nyama nyekundu nayo imo kundi hilo hilo, kwa hiyo tusitishane kupita kiasi.

Ila kumwambia mvuvi "lala mapema" ni kumsemesha asiyepanga ratiba. Tajiri mwenye mtumbwi ndiye anayesema tunatoka lini, na mgawo wa mapato ndio unaomrudisha kibarua majini hata macho yakiwa mekundu. Ningeanza na BMU, yaani vikundi vya usimamizi vya mialo, ambazo tayari zinasimamia usafi na mitumbwi: muziki uzimwe kambini kuanzia asubuhi hadi alasiri, na nahodha asiyepata usingizi mchana ampishe mwenzake usukani. Pazia zito dirishani mvuvi anaweza kulitundika mwenyewe. Na siku mbili tatu za mwisho wa mbalamwezi achelewe kulala kidogo kidogo, ili usiku wa kwanza wa giza usimkute na mwili wa mchana.