Sikulia, lilikuwa jasho

Naambiwa ile vokali, ujumbe wa sauti unaosema nililia mbele za watu, imeshafika Likasi. Sawa. Sasa sikilizeni ya mwenyewe.

Binamu alipata kadi ya grafiki (kile kipande cha kompyuta kinachochora picha za michezo) ya mkono wa pili hapa Kamalondo, Lubumbashi: RTX 3090 ya NVIDIA, giga 24 za kumbukumbu, dola 700. Akaniita nikaikague, maana mtaalamu ni mimi. (Mnaocheka nawaona.) Muuzaji, papa mmoja mpole, alikuwa ameshawasha jenereta, kadi hiyo peke yake hula mpaka wati 350.

Nikaichomeka mwenyewe. Nikakaza skrubu, nikaunganisha nyaya, nikafungua mchezo.

Fremu 11 kwa sekunde: picha zinajikokota.

Nikatikisa kichwa polepole, kama daktari. Nikainama kutazama feni: tuli. "Papa, hata feni hazizunguki." Nikainusa. Ndiyo, niliinusa kadi mbele za watu. Halafu nikafungua mipangilio, nikasoma jina la grafiki kwa sauti ya mahubiri: Intel! Nikapiga meza. "Hii si NVIDIA! Wameipaka rangi ya Intel wakaibandika 3090!" Vijana wakasogea. Mama wa mikate akasimama, beseni kichwani. Nikawahubiria kuhusu kadi bandia, nikataja mwaka 2020 ilipotoka ya kweli, nikatamka hadi neno "polisi". Papa wa watu akakaa chini, akajifuta uso.

Mtoto wake, labda miaka tisa, alikuwa nyuma ya mashini anatafuna biskuti.

"Yaya, mbona kebo ya ekrani umeiingiza huku juu?"

Huku juu. Kwenye bodi ya kompyuta, si kwenye kadi. Muda wote huo ekrani ilikuwa inalishwa na kigrafiki kilichomo ndani ya prosesa ya Intel. 3090 imejilalia, feni zimesimama kwa sababu hazina cha kupoza. Nikasikia jenereta. Nikasikia biskuti ikivunjika. Mama wa mikate akauliza, "Sasa mwizi ni nani?"

Yaliyobaki ni mafupi. Mtoto akahamisha kebo, fremu zikapita 120, feni zikavuma, binamu akalipa 700 zote kwa sababu uso wa kuomba punguzo hatukuwa nao tena. Mimi nikatorokea mlango wa nyuma. Kumbe ni wa jikoni. Ikabidi nirudi, nipite katikati yao tena, nikiwasalimia.

Na si kweli kwamba nililia. Jenereta lina joto.