Bekapu kamili, kamili gani?

Simu iliniandikia “nakala imehifadhiwa”, nami nikaamini. Nimehamia simu mpya: picha zipo, namba zipo, hata nywila ya Wi-Fi ipo. Nafungua programu ya notisi, ninakoandika madokezo yangu, tupu! Kama ndiyo kwanza nimeipakua.

Kumbe bekapu ya kawaida ya Android hubeba data isiyozidi MB 25 kwa kila programu, na mtengenezaji wa programu akiamua data isibebwe, haibebwi. Mimi mwenye simu siulizwi. Ukitaka kila kitu, uiruti simu, ujipe mamlaka yote juu ya mfumo wake. Ili uiruti, kwa kawaida ufungue kwanza kufuli ya butiloda (programu ndogo inayouwasha mfumo wa simu), na ukiifungua, simu inajifuta yote. Yaani nifute ndipo nihifadhi, jamani! Na ile ya zamani nilishaifomati.