Baharia Aliyezama Sebuleni

Baba mkwe wangu amekula chumvi nyingi, na sehemu kubwa ya hiyo chumvi aliilia baharini. Alifanya kazi melini tangu ujana mpaka kustaafu, na kwa maelezo yake mwenyewe hajawahi kutapika hata mara moja. Mawimbi yakipanda sitahani, wenzake wamelala chali wanaita mama zao, yeye anajipigia mluzi. Hadithi hiyo tumeisikia sana, na kila ikisimuliwa mawimbi yanaongezeka urefu. Kwa hiyo ieleweke mapema: yaliyomkuta nyumbani kwangu hayakutokana na udhaifu wake. Ni mota.

Mashine yenyewe, ya kumulika nyota darini, ni mpira mweusi wenye jicho moja, unaokaa juu ya kigoda chake. Ndani mna taa kali ya LED, diski nyembamba yenye picha ya nyota, na lenzi ambayo unaizungusha pete yake mpaka nyota zitulie. Kabla yake nilikuwa na ile ya leza, inayomwaga vidoti vya kijani na moshi wa zambarau ukutani. Ile si mbingu, ni disko. Hii mpya ina makundi ya nyota ya kweli: ina Jabari, ina Dubu Mkubwa, ina Kilimia, kila kitu mahali pake. Au ndivyo nilivyodhani.

Mke wangu alipouliza kwa nini sebule ifungwe mapazia jioni nzima, nilimtajia Eise Eisinga, mchambua sufu wa mji wa Franeker huko Uholanzi. Kati ya 1774 na 1781 bwana huyo alijenga mfumo wa sayari kwenye dari ya sebule yake, kwa magurudumu ya mbao yenye meno ya misumari. Sayari zake zinazunguka mpaka leo, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza nyumba hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

"Mwenzangu alichukua miaka saba," nikasema. "Mimi naomba jioni moja."

Akaniuliza kama mke wa Eisinga naye aliombwa.

Wakwe walikuwa wamekuja kututembelea, na mpwa wangu alikuwa kwetu likizo. Hadhira nikawa nayo. Nikaziba dirisha kwa pazia nene, maana taa ya barabarani imesimama nje pale pale. Upenyo wa chini ya mlango nikausindika blanketi, taa za kisanduku cha intaneti nikazivisha soksi. Feni nikaizima, panga boi likizunguka huzikatakata nyota zote zilizo juu yake. Mzee akakaa kwenye kiti chenye mikono, mama mkwe ubavuni pake, mtoto akatandaza godoro sakafuni. Nikazima taa, nikabonyeza.

Dari ikatoweka. Hata mke wangu, aliyekuwa amenuna tangu mchana, alitoa sauti.

"Nyota 60,000," nikatangaza, kama kijikaratasi cha maelekezo kinavyosema.

"Ukiwa katikati ya bahari," akasema mzee taratibu, "usiku hauna mwezi, hauna wingu, hazifiki 3,000 kwa mara moja. Hizo nyingine mmezitoa wapi?"

Nikamweleza kwamba diski imewekewa na nyota hafifu ambazo macho matupu hayazipati.

"Ahaa. Umeniita nije nione nisichoweza kukiona."

Nikaona nihamie mahali penye uhakika. Chini kidogo, karibu na kabati, palikuwa na nukta nyekundu, imetulia, haimetimeti. Nikaikazia mwanga wa kielekezi changu. Nikasema ile ni Mirihi. Kwamba wekundu wake unatokana na kutu ya chuma iliyo kwenye vumbi lake. Kwamba nyota humetameta ilhali sayari huwa na nuru tulivu, na hivyo ndivyo mtu mjuzi anavyozitofautisha. Maneno yalinitoka vizuri sana. Mama mkwe akasema, "Mashaallah."

"Mjomba," akasema mpwa wangu, "ile ni taa ya televisheni."

Pakawa kimya kidogo.

"Halafu hapa pameandikwa diski haina sayari, kwa sababu sayari zinahamahama." Alikuwa na kile kijikaratasi, anakisoma chini ya blanketi kwa tochi ya simu. Watoto wa siku hizi hawana adabu ya kutosoma maelekezo.

Nikarudi kwa Jabari haraka. Nikawaonyesha nyota tatu za mkanda wake, kisha ile nyekundu ya begani, Betelgeuse. Hii ilikuwa nyekundu kweli, au walau diski ilikuwa imejitahidi. Nikawaambia ni jitu la nyota linalokaribia mwisho wake. "Italipuka," nikasema, nikiishusha sauti. "Inaweza kuwa baada ya miaka 100,000. Inaweza kuwa leo. Inaweza kuwa sasa hi—"

Giza.

Mama mkwe alipiga ukelele uliowafanya mbwa wa jirani waitikie. Nikapapasa mpaka nikaipata swichi. Ilikuwa ni kipima muda cha mashine tu, kinachoizima ili mtu anayelalia nyota asije akaichomesha usiku kucha. Mpwa wangu alikuwa anapiga makofi. Mpaka leo anaamini nilipanga.

Mzee ndiye hakucheka. Alikuwa ameegemea mbele, mikono magotini, uso wa mtu aliyekabidhiwa chenji pungufu.

"Kabla hujawasha, mwanangu. Mbingu yako inakwenda kinyumenyume."

"Haiwezekani, Baba. Hii ni picha halisi."

"Kilimia hutangulia kuchomoza. Jabari anafuata. Nyuma ya Jabari anakuja Shira, ile inayowaka kuliko nyota zote za usiku. Ndivyo nilivyozikuta, na ndivyo nitakavyoziacha. Kwako wewe Shira yuko mbele, Kilimia anakimbilia nyuma kama aliyeachwa na meli. Na lile bega jekundu liko upande ambao silo."

Kubishana na mkwe ni kazi ngumu, na kubishana na mkwe aliyewahi kutafuta njia kwa nyota ni kujitafutia aibu. Nikafungua kile kidroo cha diski. Basi, diski ina uso na mgongo. Ukiiweka kifudifudi, taa inapita vilevile na nyota zinatoka vilevile, ila mbingu nzima inakuwa ya kwenye kioo: kulia kunakuwa kushoto, wa kwanza anakuwa wa mwisho. Mota nayo haijui lolote, inazungusha ilichopewa. Alama ya kuonyesha upande wa juu ipo, imechapwa kwa herufi za fedha juu ya weusi, pembeni kabisa. Aliyebuni hivyo hakuwa na nia njema.

Maelekezo yanasisitiza diski ishikwe kingoni. Niliishika kingoni. Lakini kushika kitu kingoni huku mkwe amekuinamia, anapumulia sikioni mwako na kusema "polepole, polepole," si jambo rahisi, na diski ilipotaka kudondoka nikaidaka kwa dole gumba.

Tulipowasha tena, katikati ya kaskazini palikuwa na kitu kikubwa, cha mviringo, chenye mistari iliyopindana kama shamba lililolimwa kwa trekta.

"Hilo silijui," akasema mzee, kwa heshima.

Nikasema ni wingu la gesi.

Lakini Kilimia sasa alikuwa mbele, Jabari nyuma yake, Shira nyuma ya Jabari, na mzee alifurahi mpaka akaamua kuacha kiti. Mbingu, alisema, huangaliwa kwa mgongo. Akalala chali kwenye godoro, akakunja mikono kifuani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mbingu ya kweli hujongea nyuzi 15 kwa saa, na huchukua saa 23 na dakika 56 kumaliza duara. Hii yangu hulimaliza kwa robo saa hivi. Ukiwa kitini si neno, unaona na kona ya kabati, macho yana pa kushika. Ukilala chini kabisa, nyota zimejaa mpaka pembeni mwa jicho, na zote zinakwenda upande mmoja, ubongo unaanza kujiuliza kama zinazosogea ni nyota au ni wewe.

"Mwanangu."

"Naam, Baba."

"Nyumba hii inaelekea wapi?"

Nikadhani ni utani. "Haiendi popote, Baba."

"Inalalia kushoto." Sauti ilikuwa imebadilika. Kisha, kwa amri iliyotoka miaka mingi nyuma: "Tia nanga!"

"Baba?"

"Tia nanga, nimesema!"

Vitufe viko vinne, vyote vyeusi, vyote laini, na ilikuwa giza. Nikabonyeza kimoja: vimondo vikaanza kukatiza mbingu. Mpwa wangu akashangilia. Nikabonyeza kingine: kipima muda. Mzee alikuwa ameshainuka, miguu ameitanua kama mtu aliye sitahani, anapepesuka kwenye sakafu iliyonyooka kabisa. Akatafuta pa kujishikilia. Akapata pazia.

Pazia likaja, na bomba lake, na skrubu zake, na vipande vya plasta. Taa ya barabarani ikamiminika ndani na nyota zote 60,000 zikafutika papo hapo, ila lile wingu langu la gesi lilibaki likionekana kidogo. Katika mwanga huo tukamwona mama mkwe akitokea upande wa bafuni na ndoo mkononi. Mwanamke huyo ameishi na mzee miaka mingi, na alikuwa ameifuata ndoo hata kabla ya nanga kutajwa. Jambo hilo limenipa mashaka kuhusu zile hadithi za mawimbi.

Kilichofuata hakisimuliwi juu ya mkwe.

Baadaye nilimweleza mzee, naye amejifunika shuka, kwamba si kosa lake. Ukiwa chumbani melini, sikio la ndani linasema tunayumba, macho yanasema kuta zimetulia. Sebuleni kwangu ilikuwa ni kesi ileile imegeuzwa: macho yanasema tunakwenda, sikio linasema tumekaa. Ubongo haujui umwamini shahidi yupi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema meli ina nahodha, na nahodha hajifunzi vitufe gizani.

Ameshakubali kuja tena, kwa sharti kwamba mota isiguswe. Nilijaribu kuifuta ile alama kwenye diski kwa kitambaa laini, lakini mpwa wangu alinikataza; ameshaichora kwenye daftari lake la nyota pamoja na Njia Nyeupe. Mzee naye ameizoea. Juzi nilimsikia akimfundisha mtoto njia: ukitoka Nyota ya Kaskazini, unapita dole gumba la mkwe kwa mkono wa kulia, ukilimaliza tu umeshamwona Kilimia.